Una jioni moja Düsseldorf: baa nne zinazopika bia yao, uingie ipi?

Wengi wa kwetu wanaopita Düsseldorf, Ujerumani, huja kwa maonesho ya biashara. Novemba ni zamu ya MEDICA, maonesho ya vifaa vya hospitali, na wiki hiyo si ajabu kusikia Kiswahili ndani ya U78, treni inayotoka viwanja vya maonesho kwenda mjini. Mchana kutwa umezunguka mabanda na kubadilishana kadi, miguu inawaka moto, na keshokutwa una ndege. Mwenyeji anakwambia nenda Altstadt, mji mkongwe kando ya mto Rhein, ukanywe Altbier, bia ya kahawia ya mji huu. Unafika na kukuta baa zaidi ya mia mbili zimebanana kwenye vichochoro vichache, na karibu kila moja imeandika Alt mlangoni.

Nyingi kati ya hizo zinauza tu bia iliyoletwa na lori. Zinazopika zenyewe zinahesabika kwa vidole, na ndizo za kwenda. Hapa naziweka nne mezani: Uerige, Füchschen, Schlüssel na Schumacher. Ukiwahi kukaa kilabu cha mbege kule Uchagani, hali yake utaielewa haraka: anayepika ndiye anayeuza, meza na mabenchi ni mbao tupu, muziki hakuna, bia ni ya aina moja, na kama huipendi shauri yako. Usitegemee mapambo wala kochi. Watu wanakuja kunywa na kupiga soga.

Kwenye karatasi zote nne zinauza kitu kilekile, na waandishi wengi wa safari huishia kusema "zote ni nzuri, chagua yoyote". Mimi nakataa. Mgeni akianza na isiyomfaa, hamalizi hata glasi ya pili, na anarudi hotelini akisema bia ya Wajerumani hawa ni dawa ya malaria.

Unachokwenda kunywa

Altbier ina rangi ya shaba inayokaribia kahawia, na kilevi chake ni kati ya asilimia 4.5 na 5. Rangi isikutishe. Watu wetu wakiona bia nyeusi wanafikiria Guinness na tumbo kujaa, lakini hii ni nyepesi na inateremka vizuri. Weusi unatokana na kimea kilichokaushwa kwa moto mkali zaidi, basi.

Tofauti kubwa iko kwenye chachu. Tusker, Kilimanjaro, Safari, Primus, zote ni lager: chachu yake hupenda baridi na huzama chini. Altbier ni ndugu wa ale za Waingereza, chachu yake hufanya kazi juu juu na kwenye joto zaidi. Ila baada ya kuchacha, watu wa hapa huilaza bia kwenye ubaridi kwa wiki kadhaa, jambo ambalo Mwingereza hasumbuki nalo kwa ale yake ya kawaida. Ndiyo maana inakuwa kavu na safi mdomoni kuliko ale nyingi. Karne ya 19 mashine za kupoza zilipoenea, lager ya kusini iliizoa karibu Ujerumani yote. Düsseldorf na jirani yake Köln waligoma, kila mmoja akabaki na upishi wake wa zamani: hapa ya kahawia, kule ya manjano iitwayo Kölsch.

Swali la nyumbani la "ya moto au ya baridi" halipo. Inakuja na ubaridi wa chini ya nyumba, si wa friji ya barafu. Na inatoka kwenye pipa la mbao lililokalia kaunta. Simama karibu uone linavyobadilishwa: lililoisha linashushwa, jipya linaviringishwa hadi mahali pake, bomba linapigiliwa kwa nyundo ya mbao mara mbili tatu, matone machache yanaruka, na glasi zinaanza kujazwa mfululizo bila bomba kufungwa. Bia inashuka kwa uzito wake, hakuna gesi inayoisukuma. Kwa hiyo haichomi koo kama ya chupa. Lakini pipa la namna hiyo likishafunguliwa hewa inaingia, na bia ikikaa inachoka. Hapo nakupa kanuni ambayo wenyeji hawaisemi kwa kuwa kwao ni kawaida: nenda saa za watu wengi. Baa ikiwa imejaa, pipa linaisha haraka, na glasi yako imetoka kwenye pipa jipya. Saa kumi jioni ya Jumatatu utapata kiti kwa urahisi, ila si lazima upate bia ikiwa kwenye ubora wake.

Uchungu: hapa ndipo zinapoachana

Uerige ndiyo chungu kuliko zote. Iko pembeni mwa Altstadt, Berger Straße, na wamekuwa wakipika tangu 1862. Funda la kwanza lina ladha ya mkate uliookwa ukakolea, kisha uchungu wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, unapanda nyuma ya ulimi na kukaa hapo hata ukishameza. Bado wana sinia pana la shaba ambamo maji ya kimea yaliyochemshwa na hopsi humwagwa yapoe kwa hewa kabla ya kutiwa chachu, kifaa ambacho viwanda vingi vilikwishakitupa. Kwangu ndiyo bia bora ya mji huu, na sioni ya pili inayoikaribia. Lakini si ya kuanzia. Ulimi uliolelewa na lager tamu kidogo na baridi kali utaiona kama adhabu. Glasi ya tatu ndiyo huanza kueleweka, na wageni wengi hawaifikii.

Schumacher iko mwisho wa pili wa mstari. Ndiyo kongwe kati ya hizi nne, 1838, na nyumba yake kuu haipo Altstadt kabisa. Iko Oststraße, katikati ya ofisi na maduka, mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu kutoka stesheni kuu. Bia yake ni angavu zaidi, kimea kinasikika mbele, kuna harufu ya mbali ya matunda, na uchungu unakuja mwishoni kwa adabu. Mtu aliyezoea Safari Lager anaweza kuinywa hii bila kukunja uso. Wanaojifanya mabingwa wa bia huidharau kwamba ni laini mno. Waache. Ulaini huo unadanganya lakini: inashuka kirahisi, na ukija kushtuka kikaratasi cha bili kilicho chini ya glasi yako kimejaa mistari.

Füchschen, Ratinger Straße, tangu 1848, inakaa katikati. Kimea kipo, uchungu upo, hakuna anayemzidi mwenzake, na mwisho wake ni mkavu unaokufanya utake kutafuna kitu. Ni bia iliyopikwa kwa kuifikiria sahani. Mtaa wenyewe una historia ya vurugu za kupendeza: mwishoni mwa miaka ya 1970 hapo ndipo vijana wa muziki wa punk walipokuwa na maskani yao, kwenye ukumbi wa Ratinger Hof.

Schlüssel, Bolkerstraße, tangu 1850: laini kuliko Füchschen, na kimea chake kina ladha ya kuchomwa kidogo. Ni bia nzuri isiyo na la kukumbukwa sana. Faida yake ni kwamba mitambo ya kupikia unaiona ukiwa umekaa, humo humo ukumbini, kwa hiyo kama una mwenzio anayebisha kwamba "hakuna baa inayopika bia yake", mlete hapa.

Kusimama au kukaa

Watu hulisahau hili, na ndilo huamua jioni itakuwaje. Uerige ni nyumba ya vyumba vingi vilivyounganika, lakini uhai wake uko mlangoni na nje, watu wamesimama kuzunguka mapipa yaliyogeuzwa kuwa meza, hata kukiwa na baridi ya kutoa moshi mdomoni. Ukisimama hapo hukai mpweke. Jirani atakuuliza unatoka wapi ndani ya dakika tano, maana wote mnagombea nafasi ya kuweka glasi kwenye pipa moja. Kwa mtu aliyekuja peke yake hakuna mahali pazuri zaidi. Kwa mtu aliyesimama tangu asubuhi kwenye banda la maonesho ni mateso.

Füchschen ina ukumbi mkubwa wenye meza ndefu, na kushiriki meza na msiowajua ni kawaida. Unauliza kama nafasi ni wazi, unakaa, basi. Schlüssel nayo ni kubwa, ila Bolkerstraße ndiyo mtaa wenye kelele kuliko yote: wikendi vikundi vya wanaomuaga bwana harusi mtarajiwa hupita na fulana zinazofanana wakiimba. Kwenye mtaa huo huo, namba 53, ndipo alipozaliwa mshairi Heinrich Heine mwaka 1797. Sidhani kama angepata usingizi leo.

Schumacher ya Oststraße ina utulivu. Utakuta wazee wa mtaa, familia, watu waliotoka kazini na mikoba yao. Dada anayesafiri peke yake na anayetaka kula na kunywa glasi mbili bila kusumbuliwa, ningemwelekeza hapa bila kufikiri mara mbili. Wana pia baa yao nyingine Bolkerstraße, Im Goldenen Kessel, kwa anayetaka bia hii lakini hataki kutoka Altstadt.

Mhudumu, kikaratasi na kukomesha glasi

Kote huduma ni ya aina moja, kwa hiyo haikusaidii kuchagua, ila usipoijua itakugharimu. Mhudumu anaitwa Köbes, amevaa aproni ya bluu na kubeba sinia la glasi zilizojaa. Haagizwi. Akiona glasi yako iko karibu kuisha, anakuwekea nyingine na kuchora mstari wa penseli kwenye kile kikaratasi kigumu kilicho chini ya glasi. Mistari hiyo ndiyo bili yako, kwa hiyo usikichezee, usikichane, usikipe mtoto. Ukitosheka, weka kikaratasi juu ya glasi. Bila hivyo utaletewa mpaka uanguke, naye atakuwa hajakosea.

Glasi ni ndogo, robo lita hivi, na kwa sababu nzuri: bia haipati muda wa kupoa makali. Bei inacheza kwenye yuro tatu kwa glasi, na hupanda kama kila kitu. Beba pesa taslimu. Unapolipa unazungusha kwenda juu kidogo. Ukidaiwa yuro 13.50 sema kumi na tano.

Sasa kuhusu ulimi wa Köbes. Hana shikamoo. Ni mkavu, ana utani wa kuuma, na hapo anafanya kazi yake vizuri kabisa. Kuna utani wa zamani kwamba ukiomba maji atakuuliza kama alete na sabuni na taulo pia. Mcheke, mrudishie utani kama una Kijerumani cha kutosha, na usidhani amekubagua. Mwenyeji wa meza ya jirani anajibiwa vilevile. Jambo moja tu usilitanie: kuagiza Kölsch. Köln iko kama kilomita 40 tu kutoka hapa, na ugomvi wao kuhusu bia ni wa Simba na Yanga.

Kama una njaa

Uerige iondoe kwenye orodha ya chakula cha jioni. Wana vitafunwa vya kusindikizia bia: soseji za kwao, jibini na vitunguu, mkate. Humo kuna pia Mettbrötchen, nyama ya nguruwe iliyosagwa ikiwa mbichi kabisa, imepakwa kwenye mkate na kutupiwa vitunguu. Mimi kitimoto nakula, lakini mbichi sijafika huko.

Anayependa kitimoto aende Füchschen akaagize Haxe, mguu wa nguruwe uliookwa hadi ngozi inavunjika kama krispi za mihogo, na haradali ya Düsseldorf ambayo inapanda puani. Ni chakula cha mtu mwenye njaa ya kweli. Wawili wanaweza kugawana bila aibu. Schlüssel na Schumacher pia wana jiko kamili. Asiyekula nguruwe aulizie Sauerbraten, nyama iliyolowekwa kwenye siki na viungo kwa siku kadhaa kabla ya kupikwa. Zamani mkoa huu walitumia farasi, siku hizi kwa kawaida ni ng'ombe, ila kuuliza si ujinga. Halali kwa maana ya kuchinjwa usiitegemee popote kati ya hizi nne. Anayefuata hilo abaki kwenye mkate na jibini, au ale mapema mtaa mwingine na aje hapa kwa soga na juisi ya tufaha iliyochanganywa na maji ya gesi, ambayo ni kinywaji cha heshima na Köbes hakinunii kama maji.

Kwa hiyo ipi?

Ukiwa na nafasi ya kuingia moja tu, na bia zako za maisha yote ni lager, nenda Schumacher. Ni ile isiyokupa mshtuko, unakaa, unakula, na hoteli nyingi za karibu na stesheni unazirudia kwa miguu. Ukiwa kundi la watu watano sita mliotoka maoneshoni na njaa, Füchschen, na mfike mapema kabla meza hazijajaa. Kama uko peke yako na unataka kuongea na watu, au unakunywa kahawa bila sukari na chungu hakikutishi, Uerige, moja kwa moja, usipoteze muda kwingine. Schlüssel ningeiweka kwa mwenye mgeni anayetaka kuona mitambo, au kwa siku ambayo kwingine kumejaa.

Ukiwa na nafasi ya mbili, usianze na Uerige. Baada ya uchungu ule, Schumacher itaonekana maji. Pitia kwanza Oststraße, kula, kisha panda treni ya chini ushuke Heinrich-Heine-Allee na umalizie ukiwa umesimama Berger Straße. U78 ya kurudi upande wa maonesho inapita hapo hapo Heinrich-Heine-Allee. Gari liache hotelini: kiwango cha sheria ni 0.5 kwa elfu kwenye damu, na kwa dereva mpya au wa chini ya miaka 21 ni sifuri.

Epuka tarehe 11 Novemba kama hupendi msongamano. Saa 5 na dakika 11 asubuhi mji unafungua msimu wa kanivali mbele ya ukumbi wa jiji, na kutoka hapo hadi usiku Altstadt haina pa kukanyaga.

Na kama tarehe zako zinaweza kusogezwa, sogeza kwa ajili ya bia kali za msimu. Uerige hutoa Sticke, yenye hopsi na kilevi zaidi, Jumanne ya tatu ya Januari na ya Oktoba. Schumacher hutoa Latzenbier yao Alhamisi ya tatu ya Machi, Septemba na Novemba. Hiyo ya Novemba kuna miaka inaangukia siku ya mwisho ya MEDICA, kama 2023 na 2025, siku ambayo mabanda yanafungwa na kila mtu amechoka kuongea biashara. Mwaka huo ukiwa wako, mjadala wa baa ipi umekwisha: ni Oststraße, na ufike mapema.